Kona ya Uandishi katika Darasa la Watoto 84: Uchambuzi wa Kisa Kimoja Jijini Tanga

Kisa ninachokichambua hapa ni cha darasa langu mwenyewe, Darasa la Pili katika shule moja ya msingi ya serikali jijini Tanga. Lina watoto 84 wanaokaa wanne wanne katika madawati 21, mwalimu mmoja, ubao mmoja, na kona moja ya uandishi, yaani pembe yenye meza na karatasi ambapo mtoto huandika anachochagua mwenyewe, ambayo niliianzisha mwezi wa pili, ikanishinda ndani ya wiki tatu, nikaivunja, nikaianza upya. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu walimu wenzangu kadhaa wamekuja kuitazama kona ilivyo sasa, wakapiga picha rafu na mifuko ya penseli, wakaenda kutengeneza mfano wake, na baada ya muda wakanieleza kwamba kwao haikufanya kazi. Naamini walichukua samani na kuacha utaratibu, na siwalaumu, kwa kuwa picha haionyeshi utaratibu na mimi mwenyewe nilianzia kwenye samani.

Darasa lilivyokuwa

Tangu mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili umejengwa juu ya stadi tunazoziita KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa katika shule za serikali, watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani wameingia darasani. Hilo ni jambo jema, na sitaki maelezo yangu yasomwe kama lawama dhidi yake. Hata hivyo, uwiano unaokusudiwa wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 ni karibu nusu ya watoto nilio nao, na kipindi cha dakika 30 kikigawanywa kwa watoto 84 kinampa kila mmoja sekunde 21 tu. Katika hali hiyo somo la kuandika hugeuka polepole kuwa somo la kunakili: mwalimu anaandika ubaoni, watoto wanahamishia kwenye madaftari, mwalimu anapita na kalamu nyekundu, kengele inalia.

Mwezi wa kwanza nilifanya jaribio dogo. Nilifuta ubao wote, nikawaomba waandike jambo lolote walilofanya jana jioni. Watoto wenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani walibaki na penseli mikononi wakinitazama. Mmoja wao, binti msafi wa kazi ambaye daftari lake huwa nalionyesha wazazi, alinyoosha mkono akauliza kwa adabu, "Mwalimu, tuandike ipi?" Alikuwa anaulizia sentensi ya kunakili. Alijua kuunda kila herufi ya alfabeti, na hakuwa ameambiwa kamwe kwamba maneno yanaweza kutoka kwake.

Wazo la kona lilitoka mbali. Katika shule za msingi za Marekani ni jambo la kawaida kukuta pembe ya darasa yenye meza ndogo, karatasi za aina mbalimbali, bahasha, maneno yaliyobandikwa ukutani, na ruhusa ya mtoto kuchagua atakachoandika. Mwelekeo huo ulipata nguvu baada ya Donald Graves wa Chuo Kikuu cha New Hampshire na wenzake kukaa darasani na watoto wa shule ya msingi, kuanzia 1978 hadi 1980, wakiwatazama wanavyoandika badala ya kungoja kazi iliyokwisha. Nililipenda wazo hilo tangu nilipolisoma. Sikujiuliza vya kutosha lingekuwaje katika darasa ambalo mwalimu hana nafasi ya kupita kati ya madawati bila kugeuka ubavu.

Kona yenyewe

Nitaieleza kwa ufupi, maana si sehemu iliyonisumbua. Iko pembe ya nyuma, chini ya dirisha, kwa ajili ya mwanga. Rafu iliundwa na fundi seremala wa Makorora kwa mbao za kreti. Meza ndefu na benchi zilitoka stoo ya shule zikiwa zimevunjika miguu, zikagongwa upya. Wanakaa watoto wanane, tisa wakibanana. Karatasi ni zile zilizochapwa upande mmoja: maduka ya steshenari mjini huwa na nakala zilizoharibika, na ukiomba kwa heshima watakuwekea kwenye boksi hadi Ijumaa. Kalenda za mwaka uliopita nazo zina mgongo mweupe na mzito unaofaa kwa picha. Sikuitegemea ruzuku ya uendeshaji, ambayo kwa hesabu ya kisera ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka huku sehemu yake ikienda kwenye vitabu, kwa sababu ruzuku hiyo ina madeni ya chaki, karatasi za mitihani na ukarabati kabla haijafika kwangu.

Penseli ndizo zilizohitaji akili. Mwanzoni zilikaa kwenye kopo la maziwa, na wiki ya kwanza peke yake zilipotea 12. Nikachukua kanga kuukuu ya mama yangu, nikaikunja mara mbili, nikashona mifuko 16 katika safu mbili, kila mfuko na namba yake kwa uzi mweusi, nikaitundika ukutani. Nilinunua dazani mbili za penseli, nikakata kila moja katikati, nikapata nusu 48: 16 zikaingia mifukoni na 32 zikafungiwa kabatini. Zamu inapokwisha, kiongozi wa kundi hahesabu chochote wala haiti majina. Anaitazama kanga tu, na mfuko mtupu unajionyesha wenyewe. Kwa mihula miwili zimepotea tano, na moja kati ya hizo ilirudishwa na mzazi.

Upepo wa kusi ulipokaza mwezi wa sita, karatasi zilianza kuruka hadi uwanjani. Watoto wanaoishi karibu na bahari, wa Sahare na wa huku Deep Sea, walileta makombe ya kuzikandamizia, na makombe hayo yapo hadi leo, kila mtoto akijua lake.

Wiki tatu za kwanza

Kanuni ya mwanzo ilikuwa fupi na ilionekana ya haki: atakayemaliza kazi yake ya ubaoni aende kona. Kila aliyekaa aliandika jina lake kwenye karatasi ya mahudhurio iliyobandikwa rafuni. Kona ilijaa kila siku. Watoto waliandika, wengine hadi kurasa mbili, na nilikuwa nikirudi nyumbani nimeridhika.

Ijumaa ya wiki ya tatu nilichukua karatasi ile nikahesabu. Majina yaliyokuwapo yalikuwa 23, na kati ya hayo 11 yalijirudia karibu kila siku. Watoto 61 hawakuwa wamekaa pale hata mara moja. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea, kisha nikachukua orodha ya matokeo ya mwezi nikaiweka kando ya karatasi ile. Wale 11 walikuwa miongoni mwa wa kwanza 15 wa darasa.

Maana yake ilikuwa wazi. Mtoto anayemaliza kazi ya ubaoni mapema ni yule ambaye tayari anaimudu, na mtoto asiyemaliza ni yule anayehitaji zaidi kuandika bila woga na bila haraka. Kanuni yangu ilimpakulia aliyeshiba na kumfungia mlango mwenye njaa, na iliyafanya hayo kwa jina la kuthawabisha bidii. Kibaya zaidi, watoto walikwisha kuielewa kanuni hiyo kuliko mimi. Nilimwita kijana mmoja anayekaa dawati la karibu na mlango, mtoto wa mvuvi, mzito wa kuandika na mwepesi wa kila kitu kingine, nikamuuliza kwa nini hajawahi kwenda kona. Alijibu bila kununa, kama anayeeleza jambo linalojulikana na wote: "Kule ni kwa wanaojua, mwalimu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niivunje kona. Jumatatu iliyofuata niliondoa karatasi ya mahudhurio, nikawaambia watoto kona imefungwa kwa wiki moja, nikakaa kupanga zamu.

Zamu

Zamu mbili kwa siku, siku tano za wiki, ni zamu kumi. Watoto 84 waligawanywa katika makundi kumi, sita ya watoto wanane na manne ya watoto tisa, kila kundi likiwa na mchanganyiko wa wepesi na wazito, wavulana na wasichana. Zamu ya kwanza iko ndani ya kipindi cha kuandika na ya pili baada ya uji, wakati darasa lililobaki linasoma wawili wawili au linafanya zoezi la daftari. Kila mtoto hupata dakika 30 kamili kila wiki, siku anayoijua, awe amemaliza kazi ya ubaoni au hajamaliza.

Sehemu ngumu ya utaratibu huu haimo katika hesabu. Ngumu ni kuikubali sharti kwamba zamu haitolewi kama tuzo wala hainyimwi kama adhabu. Mkono wa mwalimu umezoea kunyima. Mara moja nilimzuia mtoto kwenda zamu yake kwa sababu ya utundu, na kabla ya mapumziko watoto wawili wa dawati jingine walikuwa wameniuliza kama na wao watanyimwa. Kwa siku mbili kona ilirudi kuwa mahali pa wateule. Sijarudia.

Makundi ya mchanganyiko yalileta tatizo lake. Mtoto mwepesi, kwa moyo mwema kabisa, aliichukua penseli ya mwenzake na kumwandikia. Tukatunga kanuni ambayo watoto wanaikariri wenyewe: msaidie kwa mdomo, si kwa mkono. Unaweza kumtamkia mwenzako neno polepole, silabi kwa silabi, mara nyingi utakavyo, ila penseli yake huigusi.

Kalamu nyekundu na daftari la pili

Kosa langu la pili lilikuwa kusahihisha. Nilikusanya karatasi za kona nikazipitia kwa wino mwekundu kama ninavyopitia daftari la imla, na ndani ya wiki mbili maandishi yakafupika. Mtoto aliyekuwa ameandika mistari saba kuhusu ugomvi wa paka wao na kuku wa jirani alileta sentensi moja, "Hii ni meza", isiyo na kosa lolote na isiyo na jambo lolote. Sikumlaumu. Alikuwa amejifunza kutoka kwangu kwamba usalama uko kwenye ufupi.

Tangu hapo kuna madaftari mawili. Daftari la somo linasahihishwa lote, na mthibiti ubora wa shule akija halina cha kuficha. Daftari la kona halipakwi wino. Chini ya maandishi namjibu mtoto kwa penseli kuhusu alichosema, halafu nagusa jambo moja la uandishi, moja tu. Kazi ambayo mtoto mwenyewe ameichagua itundikwe kwenye kamba ya katani mbele ya darasa ndiyo inayonakiliwa upya ikiwa safi, kwa sababu hapo inakwenda kusomwa na watu. Mwalimu wa taaluma alipolifungua daftari la kona mara ya kwanza alishtuka kuona makosa yaliyoachwa, akaniita. Nilimwekea madaftari yote mawili ya mtoto mmoja mezani, akayasoma kwa muda, akaniomba tu niandike juu ya jalada neno "Rasimu" ili mzazi asidhani mwalimu ni mvivu. Ushauri huo ulikuwa mzuri na niliufuata.

Neno linaanzia wapi

Hapa nataka kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo kona ilinifundisha jambo ambalo miaka ya imla haikunionyesha.

Mtoto anayejifunza kuandika Kiingereza husumbuliwa sana na tahajia, maana sauti moja huandikwa kwa njia nyingi, na ndiyo sababu kona za wenzetu hufunika ukuta kwa maneno ya kukariri kwa macho. Nami nilianza kwa kubandika maneno hivyo hivyo: samaki, shule, nyumba, kikombe. Hayakutumika. Katika Kiswahili herufi na sauti zinaelewana kiasi kwamba mtoto aliyezishika sauti zote anaweza kuandika karibu neno lolote analolitamka. Nilipochukua karatasi za wiki moja na kuzipanga kwa aina ya makosa, kulikuwa na rundo la r na l zilizobadilishana, rundo dogo la nazali (sauti za puani) zilizoachwa kama vile "tebo" kwa "tembo", na rundo la tatu lililokuwa refu kuliko hayo yote yakiunganishwa. Lilikuwa rundo la mahali neno linapoanzia na kuishia.

Tazama sentensi hii, kama ilivyoandikwa na binti wa miaka minane:

"baba kaenda bahari ni naye ata leta pweza"

Hakuna sauti hata moja iliyokosewa. Anayeisoma kwa sauti ataisoma sawasawa. Kosa lake ni nafasi mbili tu, kabla ya "ni" na baada ya "ata", na yote mawili yana sababu. Mtoto huyu amefundishwa silabi, amekata maneno kuwa silabi tangu Darasa la Kwanza, na amekutana na "ni" ikisimama peke yake katika "hii ni bahari". Hana namna ya kujua kwa sikio kwamba "ni" ya "baharini" imeshikamana na neno lake. Vivyo hivyo "na" husimama peke yake katika "baba na mama", na hufichwa ndani ya "anakuja". Lugha yetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo katika neno moja, na mtoto anayeandika "hatu kumu andikia" ameisikia kazi ya kila kipande. Kosa hili ni la mtu anayefikiri.

Nikaondoa maneno ukutani. Sasa naandika sentensi ya mtoto kwenye ukanda wa boksi, nampa mkasi, naye anaikata anavyoona. Kisha anashika kila kipande na kunisomea kikiwa peke yake. Akishika "ata" namuuliza, "Ata nini?" Kipande hakina jibu, hivyo kinarudi kuunganishwa na mwenzake kwa gundi. Akishika "pweza", kinasimama. "Ni" ya mwisho wa "baharini" ndiyo inayoleta mabishano marefu kuliko yote mezani, na nayaacha yaendelee: mmoja anasema inasimama, mwingine anamwambia aondoe "ni" aone kama baba bado kaenda mahali. Kumaliza mabishano hayo kunachukua dakika kumi za zamu, na siziiti dakika zilizopotea.

"Kaenda" sikuigusa. Ndivyo tunavyosema huku mwambao, na msemo unaojulikana kuliko yote wa mji huu, "waja leo, waondoka leo", nao haufuati njia ya kitabu cha darasani. Binti alipoichagua sentensi yake itundikwe, nilimweleza kwamba kitabuni ataikuta "ameenda", na kwamba kwenye mtihani aandike hivyo. Alifikiri, akatundika "kaenda". Wapo wenzangu wanaoona nimelegea. Mimi naona kwamba mtoto ambaye kauli ya nyumbani kwake inafutwa mara anapoishika penseli atarudi kuuliza, "Mwalimu, tuandike ipi?"

Barua ya uji

Hadi mwezi wa tano msomaji wa kona alikuwa mimi peke yangu, na msomaji mmoja hawezi kuwajibu watoto 84 kwa wiki akawa na la maana la kusema. Mabadiliko yalitoka jikoni. Mtoto mmoja wa kundi la nne alimwandikia mama anayetupikia uji:

"Shikamoo bibi. Uji wa leo ulikuwa na sukali kidogo. Mimi napeda wa moto."

Aliipeleka mwenyewe wakati wa mapumziko. Kipindi kilichofuata mama mpishi alikuja hadi mlangoni, mikono bado ina unga, ameishika karatasi kwa ncha za vidole. "Mwalimu," akasema, "nimeandikiwa barua." Aliomba karatasi na penseli, akakaa kwenye benchi la kona kati ya watoto, akaandika taratibu, akimtamkia kila silabi mtoto aliyekuwa akimchungulia:

"Marahaba mjukuu wangu. Sukari imepanda bei. Kesho wahi mapema utaukuta wa moto."

Jibu lilisomwa mbele ya darasa. Bila mimi kusema neno, mtoto yule aliliona neno "sukari" katika mwandiko wa bibi, akarudi kwenye barua yake, akafuta l akaweka r. Nilikuwa nimemsahihisha herufi hiyo tangu Januari.

Baada ya hapo tuliweka boksi la posta. Barua zikaenda kwa mlinzi, kwa Mwalimu Mkuu, kwa muuza mihogo wa nje ya geti. Kwa kuwa wakubwa hawa wana kazi zao, nilizungumza na mwalimu wa Darasa la Sita, na wanafunzi wake kumi wanaojitolea hukaa nusu saa kila Ijumaa wakijibu barua za wadogo zao. Hilo limetatua suala la wingi kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Wakubwa nao wanaandika kwa uangalifu wasiouonyesha kwenye insha, kwa sababu mdogo asipoelewa hurudi Jumatatu kuuliza.

Kijana wa dawati la mlangoni hakuandika kitu katika zamu yake ya kwanza. Ya pili alichora ngalawa. Nilimwambia sehemu zake sizijui, anisaidie kuziandikia majina, na kwa dakika zilizobaki aliandika manne: tanga, mlingoti, usukani, folomali. Hilo la mwisho kweli sikulijua. Chini yake niliandika, "Hii ya nne ni nini?" Wiki iliyofuata nilikuta jibu, sentensi ya kwanza aliyowahi kuandika bila kunakili: "ni mti una o shika tanga juu". Kamusi ilinithibitishia, foromali ni mti unaobeba tanga kwenye mlingoti. Mwisho wa mwezi baba yake, mtu mzima mpole, alinisimamisha karibu na geti. "Mwalimu," aliniambia, "huyu ananiuliza jina la kila kamba chomboni. Kamba nyingine mimi mwenyewe ilibidi nimuulize mzee."

Kamati na yaliyobaki

Mjumbe mmoja wa Kamati ya Shule, mzee tunayemheshimu, aliuliza kikaoni kama jambo hili si mchezo wa kizungu unaokula muda wa KKK. Nilimjibu kwamba kunakili ndiko kunakokula muda, kwa kuwa mtoto atakapofika upimaji wa Darasa la Nne ataombwa atunge. Nikamkumbusha pia kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilichapishwa hapa hapa Tanga, katika shule ya serikali ya Kijerumani, likiwa na habari na mashairi ya watu wa mwambao kwa Kiswahili. Kuandika ili usomwe na mwenzako si jambo lililokuja mji huu juzi. Mzee aliomba kuona barua ya uji, akaisoma, akaipitisha kwa wenzake.

Kuna ambayo sijayamaliza. Watoto watatu walifika mwezi wa kumi bado hawawezi kuunganisha silabi. Hao hunisimulia nami nawaandikia, kisha wanafuatisha juu ya mwandiko wangu neno moja wanalolichagua. Wawili wameanza kupiga hatua. Wa tatu nilikuja kugundua kwamba haoni ubao, na mama yake amekwisha kumpeleka kupimwa macho. Watoto wanaotumia mkono wa kushoto niliwachelewesha hadi muhula wa pili kabla sijawahamishia mwisho wa benchi upande wa kushoto, ambapo viwiko haviwagombanishi na jirani. Ningelijua mapema kama ningewatazama wakiandika badala ya kutazama walichoandika.

Orodha ya watakaoingia Darasa la Pili Januari ina watoto 97. Kwa zamu kumi, hayo ni makundi saba ya watoto kumi na matatu ya watoto tisa, kwenye meza ya watoto wanane. Niliomba zamu ya tatu kila siku, mwalimu wa taaluma akakataa kwa sababu ingekula kipindi cha kuhesabu, na kwa hilo yuko sahihi. Nimekwenda tena kwa fundi wa Makorora na vipimo vya benchi la pili, futi sita, pamoja na ubao wa kurefusha meza. Mifuko minne zaidi nimeishona kwenye kanga ile ile, namba 17 hadi 20.